Diski ya harusi iliyokataliwa na deki

Tanga,
9 Juni.

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani, na kwa namna ya pekee kwa mama, ambaye nasikia yuko siku ya tatu akisubiri kuiona harusi ya mjukuu wake. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaeleza kwamba diski uliyoichoma inafunguka bila taabu kwenye kompyuta, lakini ukiitia kwenye deki ya sebuleni majina ya mafaili yanajipanga kwenye runinga vizuri, na ukibonyeza rimoti unaambiwa kwamba faili halitambuliki. Ni lile moja tu ulilopewa na mpiga video ndilo lililokubali kucheza, nalo likatoa picha bila sauti. Umekata shauri kwamba deki imezeeka. Nakuomba usiiuze bado.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuchoma diski tano za harusi ya dada yangu, moja baada ya nyingine, zote zikakataliwa, nami nikaamini kuwa nimeuziwa diski mbovu. Nilirudi dukani nikiwa nimekunja uso. Muuzaji, bila kubishana nami, aliitia mojawapo kwenye kompyuta yake, na harusi nzima ikafunguka mbele ya wateja wake. Nilinunua diski nyingine kwa aibu nikaondoka.

Kiini cha jambo ni kwamba zipo diski za aina mbili zinazofanana kwa sura. Ya kwanza ni DVD ya sinema, ile ambayo ndani yake mna folda iitwayo VIDEO_TS na picha zilizofinywa kwa mtindo wa MPEG-2. Kila deki ya DVD iliyopata kutengenezwa inalazimika kuisoma, kwa kuwa ndiyo kazi iliyoundiwa. Ya pili ni diski ya data, ambayo ni kapu tu: unatia humo faili lolote, na deki husoma yale ambayo kichakataji chake kilifundishwa kiwandani. Alama ya DivX uliyoniambia ipo karibu na mlango wa deki yako ina maana kwamba inaelewa pia MPEG-4 ya sehemu ya pili, mtindo uliokubaliwa mwaka 1999, ambao watu wengi wanaufahamu kwa majina ya DivX na Xvid. (Lisome jina la Xvid kutoka nyuma, utaona kejeli ya walioitengeneza.) Simu zetu hazirekodi kwa mtindo huo. Hurekodi kwa H.264, iliyokuja mwaka 2003, au kwa mitindo mipya zaidi, na kompyuta huisoma kwa kuwa inaongezewa programu kila uchao, ilhali deki ya aina yako itabaki na elimu ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Ndiyo maana ushauri wa yule kijana wa jirani, wa kufuta MP4 mwishoni mwa jina na kuandika AVI, haukusaidia kitu isipokuwa kulifanya jina lionekane kwenye orodha. Ukibandika karatasi ya sukari kwenye pakiti ya chumvi, chai itaharibika vile vile. Ama faili lililotoa picha bila sauti, nadhani picha yake ilikuwa ya Xvid lakini sauti ikaachwa katika AAC, mtindo mwingine wa kufinya sauti, ambao deki nyingi za namna hiyo hazina masikio nayo. Sauti igeuzwe kuwa MP3 ya kiwango kisichobadilika, kilobiti 128 kwa sekunde au zaidi kidogo, nawe utavisikia vigelegele.

Kuyageuza mafaili si kazi ngumu, ila inataka subira, maana kompyuta ndogo inaweza kukesha. Tumia programu ya Avidemux, ambayo haina malipo. Chagua Xvid kwa picha, MP3 kwa sauti na AVI kwa faili lenyewe. Ukubwa wa picha upunguze, kwani simu inatoa nukta 1920 kwa 1080 na deki yako haivuki 720 kwa 576. Kwa picha pana, 720 kwa 400 inatosha. Sehemu inayowaangusha wengi imejificha ndani ya mipangilio ya Xvid, nayo ni vitu viwili vinavyoitwa QPEL na GMC. Vinasifiwa kwamba vinaboresha picha, na kwenye kompyuta ni kweli, lakini deki nyingi zikikutana navyo picha hukatikakatika au husimama kabisa. Vizime vyote viwili. Usijaribu programu ya HandBrake kwa kazi hii, kwa sababu iliacha kutoa mafaili ya AVI tangu mwaka 2009. Mafaili nayo yakate vipande vidogo, kila kimoja kisifike gigabaiti mbili, kwa kuwa zipo deki zinazoshindwa na faili kubwa kuliko hapo. Yape majina mafupi yanayoanza kwa namba, kama 01AKDI, 02KARAMU na 03UKUMBINI, ili mpangilio usivurugike.

Hayo yote nimekueleza kwa sababu umeuliza, na kwa sababu najua utataka kuweka sinema zako mwenyewe, ambapo diski ya data haina mpinzani: sinema sita za megabaiti 700 zinaingia kwenye DVD moja na nafasi inabaki. Lakini kwa mama, ningekuwa wewe, nisingetumia diski ya data hata kidogo. Mama hataki orodha ya mafaili. Anataka atie diski, abonyeze kitufe kimoja, amwone bibi harusi. Zaidi ya hapo, atataka kuipeleka kwa dada zake, na hujui huko kuna deki ya namna gani. Mtengenezee DVD ya sinema kwa kutumia programu ya DVDStyler, ukichagua PAL, mfumo wa runinga wa kwetu, nayo itakugeuzia kila kitu kuwa MPEG-2 na kukupa hata menyu yenye picha ya maharusi.

Hapo utakutana na swali la nafasi. Umesema video yote ni saa tatu na nusu. DVD ya gigabaiti 4.7 ukiigawa kwa muda huo, unapata takriban megabiti tatu kwa sekunde, picha na sauti pamoja, na kwa MPEG-2 huo ni uchoyo: wanawake wakianza kucheza, nyuso zitageuka vigae. Tumia diski mbili, akdi na karamu kwenye ya kwanza, ukumbini kwenye ya pili, kila moja isizidi saa moja na dakika arubaini na tano, nawe utakuwa na karibu megabiti sita. Mama hatachukia kuinuka mara moja.

Katika kuchoma, mimi hutumia programu ya ImgBurn kwa mwendo wa 4, ingawa diski imeandikwa 16, kwani deki zenye leza iliyochoka zimekuwa zikizipokea vizuri zaidi diski zangu zilizochomwa polepole. Hakikisha diski imefungwa mwishoni, maana iliyoachwa wazi kwa ajili ya kuongezewa deki nyingi huikataa. Na kabla ya kuchoma diski ya kudumu, nunua DVD-RW moja, inayofutika, uifanye ya majaribio, mradi deki yako iwe inazisoma. Laiti ningejua hilo wakati wa zile tano.

Deki ikikataa tena, niandikie inasema nini hasa kwenye runinga, neno kwa neno, na unitajie namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Mwambie mama nami nataka kujua nani alishika usukani wa kupika pilau siku ile, kwani hilo hukuliandika.

Ni mimi rafiki yako,
wa Tanga.