Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, pamoja na suala la safari ya Kilwa

Ndugu zangu wanachama tunaotumia viti mwendo, salaam. Vikao tumefanya vinne, misiba miwili tumechangiana, mafunzo ya kuziba pancha na kubadili beringi za viti mwendo yameenda vizuri. Hayo mnayajua, nije kwenye safari maana ndo inayowauma.

Kuna maneno kwamba mwenyekiti kala hela ya safari ya kwenda kuona magofu ya Kilwa akatupeleka magofu ya Kaole. Jamani hapana. Nilitangulia Kilwa Masoko mwenyewe kwa nauli yangu, na hiyo siidai. Nikavuka na mashua mpaka Kisiwani, tukakuta maji yamekupwa, mashua ikasimama mbali na ufukwe, nikabebwa mgongoni na kijana nisiyemjua na kiti changu kikaja nyuma kichwani kwa mtu. Msikiti Mkuu niliufikia, zile kuba nimeziona kwa macho yangu na nililia, sifichi, mji aliofika yule msafiri wa zamani Ibn Battuta mwaka 1331 na mimi nimefika na kiti changu. Lakini Husuni Kubwa, lile jumba la kale la sultani, iko juu kwenye mwinuko, nikaishia chini naiangalia tu. Sasa niambieni, wenzetu watatu wana viti vya betri, nani anavinyanyua, na maji ya chumvi yakiingia nani analipa? Na kina mama nao wabebwe migongoni? Kwa hilo niliamua peke yangu twende Kaole bila kuitisha kikao, muda ulikuwa umeisha, na ningeamua hivyo hivyo tena.

Kaole ipo hapo Bagamoyo, hakuna bahari ya kuvuka. Mchanga ulitusumbua kweli, vile vigurudumu vya mbele vinazama, ila tulivutwa kinyumenyume na kila aliyekuja aliyagusa yale makaburi ya nguzo kwa mkono wake na kukaa mbele ya kibla cha msikiti wa zamani. Hakuna aliyeachwa kwenye gari! Tatizo walikuja 14 tu kati ya 38, inaniumiza sana.

Makusanyo yote 1,120,000, kosta, chakula, viingilio na mengineyo 940,000, iliyobaki anayo mhazini na risiti zipo. Ada hawajalipa 21, na wengi wao ndo hao wanaodai Kilwa.

Mbele huko tunategemea kuwaandikia wahusika wa mambo ya kale watuwekee njia za mbao, na Kilwa tutaenda inshallah, siku maji yamejaa. Ada apelekewe mhazini kabla ya mkutano.