Kwa wanaotaka kusomea uzamivu (PhD) wa michezo, mazoezi na utengamao (kumrejeshea mgonjwa uwezo wake)

Assalaam alaykum wenzangu. Wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza lini maombi yanafunguliwa. Nawaomba tuanze na swali jengine: unataka kutafiti nini?

Uzamivu si kama shahada ya kwanza, kwamba unaingia darasani ukapewa somo. Kwa vyuo vya Uingereza, kwa mfano Birmingham, ambacho kina skuli nzima ya fani hii, unafanya utafiti wako mwenyewe kwa miaka 3 hadi 4 chini ya msimamizi. Kwa hiyo mtafute msimamizi kwanza. Soma makala zake, kisha mwandikie barua pepe fupi yenye wazo lako. Barua moja iliyonakiliwa kwa maprofesa ishirini haijibiwi, na ni haki yao.

Na mawazo tunayo hapa hapa Zanzibar! Mchumaji aliyeanguka mkarafuu kule Pemba anarudije kazini? Aliyepata kiharusi Makunduchi anaendeleaje na mazoezi akiwa mbali na fiziotherapia? Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kina mama wetu wanazipata wapi, saa ngapi? Haya naona yana uzito kuliko mada za kuazima.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola upo, ushindani wake mkali. Ukikusanya data hapa, kibali cha maadili ya utafiti ni lazima.

Jumamosi baada ya laasiri kila mtu alete ukurasa mmoja wa wazo lake. Wa Pemba tutawaunganisha kwa simu ya video.