YAH: Malalamiko kuhusu kulanti (maji ya kupozea) inayopotea kwenye intakula (kipozea hewa ya turbo) ya gari langu, na mzaha wa karakana yenu

Kwa Meneja wa Huduma,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yangu karakana yenu imeikopa mara tatu na haijairudisha.

Masharti ya dhamana mnayajua, mliyaandika wenyewe. Naanza na ziara ya tatu kwa kuwa ndiyo isiyonitoka rohoni. Msimamizi wenu wa mapokezi alifungua boneti mbele ya wateja wengine, akafungua mfuniko wa tangi dogo la kulanti ya intakula, akachungulia, akachukua chupa ya maji ya bomba na kumimina mpaka alama ya juu. Akajifuta mikono, akasema: "Magari ya turbo yana kiu, bosi. Uliyapenda mwenyewe." Watu wakacheka. Kwenye kadi ya kazi akaandika "Hakuna hitilafu." Kipimo cha presha kilikuwa kimetundikwa ukutani, hatua tatu kutoka pale aliposimama.

Haya, tuizungumzie hiyo kiu. Gari hili lina mizunguko miwili ya kulanti isiyochangia hata tone. Mmoja wa injini, wenye tangi kubwa. Mwingine wa intakula: tangi dogo, pampu ya umeme, rejeta yake ya mbele, na kiini cha alumini kilichofungwa ndani ya manifodi ya kuingizia hewa. Tangi kubwa halijapungua tangu siku ya kwanza. Tangi dogo lilipoteza mililita 300 katika kilomita 600, kisha 300 nyingine katika kilomita 350. Mzunguko huo umefungwa na haukaribii joto la kuchemka. Maji yake hayakauki kama ya sufuriani. Kuna mahali yanakwenda.

Ziara ya kwanza mliniambia ni hewa iliyonaswa. Nilikubali, maana hutokea: mzunguko ukijazwa bila kuvutwa hewa kwanza, kiwango hushuka injini ikipata moto na kupoa mara mbili tatu, kisha husimama. Hiki hakikusimama.

Ziara ya pili fundi alitumia ile kemikali ya buluu, nayo ikabaki buluu, mkanikabidhi jibu hilo kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Kemikali ile hugeuka njano ikikutana na kaboni dayoksaidi ya moshi wa injini. Ni ya kuwinda gasketi ya silinda hedi inayovuja. Tena mliipima kwenye tangi kubwa! Na hata mngeipima kwenye dogo, intakula ikitoboka kinachoingia kwenye maji ni hewa safi iliyoshindiliwa na turbo, si moshi. Buluu ingebaki buluu. Mlipima ugonjwa mwingine kwa mgonjwa mwingine.

Dalili niliziandika kwenye fomu yenu mara zote tatu. Asubuhi injini ikiwa baridi hutoa moshi mweupe wenye harufu tamu na kutetemeka kwa sekunde 20 hivi, ikiacha kodi ya hitilafu P0304, yaani silinda ya 4 haiwaki sawasawa. Chini ya gari ni pakavu. Baada ya kukanyaga mafuta kwa nguvu, tangi dogo hujaa mapovu. Fundi anayejua intakula za maji hahitaji zaidi ya hapo ili ashuku kiini. Turbo ikisukuma, hewa hupenya ufa na kuingia kwenye maji, ndiyo mapovu. Mguu ukiondoka kwenye mafuta, manifodi hunyonya, na ufa uleule huingiza kulanti kwenye injini. Gari likizimwa likiwa la moto, presha iliyobaki kwenye mzunguko huendelea kuisukuma taratibu, nayo hujikusanya usiku kucha karibu na vali.

Hapo ndipo mzaha unapokoma. Silinda ya sentimita za ujazo 500 yenye mgandamizo wa 10 kwa 1 hubaki na nafasi ya takriban 56 tu pistoni inapofika juu. Maji hayagandamiziki. Kikombe kidogo cha kahawa kikiwa ndani ya silinda ya 4 asubuhi moja, konrodi, ule mkono unaosukumwa na pistoni, inapinda.

Sisemi mniamini mimi. Pimeni. Injini ikiwa baridi, fungeni kipimo kwenye tangi dogo, pandisheni hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, isizidi, mwache dakika 30. Sindano ikishuka, mulikeni kwanza sili ya pampu, maungio yenye oringi (pete za mpira) na rejeta ya mbele inayopigwa na mawe. Rangi ya kung'aa na taa yake vitaonyesha hata unyevu mdogo. Pakiwa pakavu, baneni kwa koleo mipira miwili ya intakula na mrudie. Sindano ikisimama sasa, mwizi ni kiini. Kitoeni, zibeni tundu moja, kipeni hewa ya presha ileile kikiwa ndani ya beseni la maji. Mapovu hayadanganyi, na hayachekeshi mapokezi.

Badala ya hayo, chupa ya bomba. Nairudia kwa sababu naona bado hamjaiona: kipimo kiko ukutani, na mtu mwenye nembo yenu kifuani anamimina maji yenye chumvi na klorini ndani ya kiini chembamba cha alumini, juu ya kulanti niliyochanganya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, akipunguza nguvu ya kinga ya kutu iliyomo, huku akiniambia nina gari lenye kiu. Nilimwomba ashushe kile kipimo. Alinirushia ufunguo. Haukunifikia, ulianguka sakafuni, na niliinama kuuokota mbele ya watu wale wale waliokwisha kucheka.

Nilipoanza barua hii nilitaka kipimo kifanyike tu. Sasa nataka kiini kipya cha intakula pamoja na gasketi na oringi zake, mzunguko wote usafishwe na kujazwa kwa vakyumu, na kamera iingizwe kupitia tundu la plagi ya silinda ya 4: kichwa cha pistoni kikiwa kimeng'aa kuliko vingine vitatu, kimekuwa kikioshwa na mvuke. Kadi ya kazi isahihishwe kwa maandishi.

Mnazo siku 7. Baada ya hapo wakili wangu atawaandikia, akiwa na fomu zote tatu, picha za tangi zenye tarehe, na ile kadi ya "Hakuna hitilafu." Injini hii ikivunjika leo au dhamana ikishakwisha, ni yenu, kwa sababu mliambiwa mara tatu kabla haijavunjika.

Gari sitaliwasha tena. Njooni mlichukue kwa brekdauni, kwa gharama yenu, na ufunguo nitamkabidhi meneja mkononi. Msimamizi yule asiliguse.

Mteja wenu, kwa sasa,
Mwenye gari