YAH: KUKATALIWA MADAI YA BIMA YA MAISHA YA MDOGO WANGU

Ndugu Meneja wa Madai,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa barua yenu haikuwa nayo.

Mmekataa kulipa mkidai marehemu alijiua, kwa kuwa damu yake ilikutwa na amitriptilini, dawa yake ya maumivu ya miguu, na zao lake nortriptilini, jumla ya nanogramu 600 kwa mililita, wakati "kiwango salama ni 80 hadi 200". Kiwango hicho ni cha mgonjwa aliye hai, anayetolewa damu mkononi kabla ya dozi inayofuata. Mdogo wangu alikaa mochwari siku nne na damu ikachotwa kwenye moyo. Imeandikwa ukurasa wa pili wa ripoti. Sidhani kama kuna aliyeufungua. Dawa hii hujirundika kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo, na mtu akishakufa huvuja kurudi kwenye damu iliyo jirani. Ndiyo maana hutakiwa damu ya mshipa wa paja.

Mimi ni mfamasia. Lakini hata nisingekuwa, yale ya dirishani ofisini kwenu nisingeyanyamazia. Mama amepakata mkoba wenye kadi za kliniki, afisa wenu anamwambia macho yakiwa kwenye kompyuta: "Mwanao kajimaliza na vidonge. Watu wa hivyo hatuwalipi." Foleni nzima ikageuka.

Vidonge vipi? Alikunywa viwili kila usiku, vya miligramu 25, kwa miguu iliyokuwa ikiwaka moto kwa kisukari. Kisukari hicho mnakijua, mlimwongezea ada kwa ajili yake. Alinunua 60, akafariki baada ya usiku 11. Nimevihesabu kwenye sinia mbele ya mjumbe: vimebaki 38. Tumboni hakukutwa masalia ya vidonge. Na nortriptilini, ambayo mwili wenyewe huitengeneza kutokana na amitriptilini, ilikuwa 290 kwa 310 za amitriptilini. Hiyo ni sura ya mtu anayemeza kila siku. Aliyebugia kwa mkupuo na kufa upesi, kwa kawaida amitriptilini humzidi mbali. Siapi kwa damu ya moyo kwamba hakuzidisha. Ninyi mmeapa kwa damu hiyohiyo kwamba alizidisha.

Na sijamaliza ya dirishani. Mama hasikii vizuri. Aliniuliza, "Kasemaje?" Kabla sijafungua mdomo, afisa akarudia kwa kelele: "KAJIMALIZA, MAMA! NA VIDONGE!" Mlinzi wa mlangoni aliinamisha kichwa. Mama hajaenda msibani kwa mtu tangu siku hiyo.

Nilikusudia kuomba mpitie upya madai ndani ya siku 14. Sasa naona 7 zinatosha. Mlipe fidia yote, mfute neno "kujiua" kwenye faili, mniandikie jina la mtaalamu aliyewatafsiria ripoti, kama yupo. Mkikaa kimya, siku ya nane nitakuwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kutoka hapo kwa wakili.

Na yule afisa aje nyumbani kumwomba Mama radhi. Kwa sauti ileile.

Kaka wa marehemu