Soda si dawa ya kuharisha

Mhariri,

Nafundisha baiolojia hapa Arua. Kila mvua zinapochanganya na watoto wakaanza kuharisha, naona mama anakimbilia soda. Nia yake ni njema, lakini soda ina sukari nyingi mno na chumvi kidogo sana. Inavuta maji ya mwili yaingie utumboni, mtoto anazidi kuharisha.

Utando wa seli za utumbo haupitishi kila kitu. Glukosi, aina ya sukari, haijipenyezi yenyewe. Hubebwa na protini maalumu, nayo huibeba pamoja na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi: chembe 2 za sodiamu kwa 1 ya glukosi. Zikishaingia, maji hufuata. Hata kipindupindu, pamoja na ukali wake wote, hakiufungi mlango huu!

Ndiyo maana pakiti ya ORS, unga wa chumvi na glukosi wa kumnywesha anayeharisha, huchanganywa na lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, si kikombe kimoja, usije ukawa mzito na kuvuta maji kama soda. Ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, visijazwe kilima, katika lita hiyohiyo.

Ndugu wauzaji wa maduka ya dawa, mwelezeni mama kipimo kabla hajaondoka.

Mwalimu wa baiolojia,
Arua