Malazi kwa mwenyeji si ya bure

Mheshimiwa Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuseme na vijana wanaojikusanya kila likizo, mabegi mgongoni, wakavuka mpaka wa Mutukula kwenda Uganda na kurudi nyumbani Tanzania kupitia Kigali na mpaka wa Rusumo. Safari yenyewe ni nzuri na hatuna nia ya kumkatisha mtu tamaa. Kinachotukera ni hesabu inayozungushwa kwenye makundi ya simu. Nauli imeandikwa, chakula cha njiani kimeandikwa, kwenye malazi pameandikwa sifuri, eti "tunafikia kwa mwenyeji".

Sifuri hiyo anailipa mwenyeji. Chukua nyumba ya kawaida pembezoni mwa Kampala, vyumba viwili na sebule, maji ya kununua kwa dumu. Mgeni mmoja anayeoga mara mbili na kufua fulana yake anamaliza dumu la lita 20 kwa siku. Wakifika sita ni madumu sita juu ya yale ya familia, na mara nyingi anayetumwa bombani ni binti wa nyumba, alfajiri, kabla ya shule. Mchele nao: mtu mzima anakula kama gramu 150 kwa mlo, kwa hiyo sita kwa milo miwili wanakaribia kilo 2, bado mboga, mafuta na mkaa. Mtoto aliyekuwa akilala kwenye kochi la sebuleni amepelekwa kwa jirani, na kochi sasa lina mabegi. Mama mwenye nyumba hatasema neno. Atazidi kuwakaribisha, na jioni atakopa dukani.

Ule msemo wa mgeni siku mbili kila mtu anaujua. Shida ya makundi haya inaanza siku ile ile ya kwanza.

Kwa hiyo kundi lisizidi watu wanne, na nyumba moja isilaze zaidi ya wawili. Wanne wanagawanyika nyumba mbili za mtaa mmoja, wasichana kwao na wavulana kwao, wakakutana asubuhi kituoni. Mkigawanyika hivyo mzazi mwenyeji naye anapumua, maana ukweli ni kwamba nyumba nyingi za Buganda na za Rwanda hazitalaza mvulana na msichana wasio ndugu sebule moja, hata kama zitaona aibu kuwaambia. Usiku mbili zinatosha. Servas, mtandao wa wenyeji na wasafiri uliopo tangu 1949, desturi yake ni usiku mbili hizo hizo, na msafiri huja na barua ya utambulisho baada ya kuhojiwa. Couchsurfing, tovuti ya kutafutia wenyeji wa kulaza wasafiri, ambayo vijana wengi bado wanaisifia kwamba ni ya bure, ilianza kudai ada kwa wanachama wake mwaka 2020. Kwetu huku njia inayofanya kazi zaidi ni ya zamani: barua ya msikiti, parokia au serikali ya mtaa, na mtu mmoja anayemjua mwenyeji kwa sura, si kwa picha ya simu.

Ujumbe wa kwanza kwa mwenyeji utumwe wiki tatu kabla, na uwe na mambo yote kwa mara moja: majina kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, wangapi wanaume na wangapi wanawake, siku na saa ya kufika, siku ya kuondoka, nani hali nini, nani ana pumu au kifafa. Saa iandikwe na sehemu ya siku, "saa 10 jioni", kwa sababu anayesoma kwa mazoea ya Kiingereza ataelewa vingine na kwenda kuwasubiri stendi asubuhi. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja; basi likiondoka Kampala saa 3 asubuhi, Kigali ni saa 2. Mkirudi kupitia Rusumo saa hiyo inawatoka, na ndipo wengi wanapolikosa gari la kuendelea mbele, wakaishia kulala mpakani kwa gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti.

Sasa mpaka. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kitambulisho cha NIDA hakitamvusha kihalali. Kadi ya njano ya homa ya manjano ichukuliwe mapema, kwani chanjo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa zamani asikubali kutozwa tena kwa kuambiwa kadi imepitwa na wakati. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Na hata usipoulizwa ukienda, utaulizwa ukirudi ukitokea Uganda.

Mutukula ni kituo cha pamoja: ukitoka Tanzania unamalizia yote, kugongewa kutoka na kugongewa kuingia, kwenye jengo la upande wa Uganda. Mji umekaa pande zote mbili za mstari, maduka yamepakana, na bodaboda anaweza kukupitisha hadi stendi ya magari ya kwenda Masaka bila mtu kukuuliza chochote. Hapo ndipo mtego ulipo. Usipogongewa, kosa linaonekana siku ya kutoka Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, na faini ni yako wala si ya bodaboda. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita bila ada ya viza, lakini afisa huandika siku kulingana na jibu lako, kwa hiyo soma muhuri kabla hujatoka dirishani. Swali linalowaangusha makundi ni "unafikia wapi?" Mmoja anasema kwa rafiki, wa pili anataja hoteli, wa tatu anasema tutajua mbele. Wote wawe na jina la mwenyeji, mtaa na namba ya simu vimeandikwa kwenye karatasi. Tunasema karatasi kwa sababu laini yako inaweza kugoma hapo hapo, na kusajili laini ya Uganda kunataka pasipoti na foleni dukani. Neno "kujitolea" msilitumie ovyo: kufundisha shule au kusaidia zahanati, hata bila mshahara, kunaweza kuhesabiwa kazi, na kazi ina kibali chake.

Mkifika, jioni ile ile mwombeni mwenyeji awapeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji au mtaa ya Uganda, na Rwanda kwa kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji. Ni dakika kumi, pasipoti mkononi. Likitokea la kutokea usiku, wizi au ugomvi wa jirani, mgeni asiyejulikana ndiye anayeanza kushikwa, na mwenyeji naye anajibu kwa nini amelaza watu kimya kimya.

Zawadi. Mchele mzuri wa kwetu, kilo 5 kwa kila nyumba, unapokewa kwa furaha Kampala na hata zaidi Kigali. Ongezeni sukari kilo 2 na miche ya sabuni. Fungeni kwenye mfuko wa kitambaa au wa karatasi, maana Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na mabegi hupekuliwa mpakani. Mmeshaona watu wamepiga magoti pale wakihamisha nguo kutoka kwenye rambo. Pesa ya matumizi msimwekee mwenyeji mkononi mbele ya watu. Ulizeni duka analochukulia vitu, nendeni mkanunue mafuta na mkaa, leteni. Lipieni maji yenu bombani kila asubuhi na myabebe wenyewe. Kila mmoja awe na shuka, chandarua na soksi nzito: Kabale, mji wa Uganda kabla ya Katuna, iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, usiku wake haufanani na wa Mwanza, na blanketi ya ziada kwa mwenyeji huenda ni ile anayojifunika mwenyewe.

Kwa Waganda, amkieni kwa Kiluganda japo maneno mawili kabla ya Kiswahili. Wazee wengi Kiswahili walikisikia kwa askari, na bado kinawashtua kidogo. Chakula kikiisha semeni "webale kufumba" kwa aliyepika.

Kigali ina utaratibu wake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, ni umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii: maduka yanafungwa na magari hayatembei ovyo, kwa hiyo msipange kusafiri muda huo. Kama familia inatoka na majembe, tokeni nayo. Pikipiki inabeba abiria mmoja mwenye kofia ngumu, hakuna mishikaki. Magari yanapita kulia, angalieni kushoto kwanza mnapovuka barabara. Kula mkitembea njiani watu wanaona ni utovu wa adabu.

Siku ya kuondoka, rudisheni magodoro yalipotoka, jazeni madumu yote mliyoyakuta, na mpigieni mwenyeji mkishavuka Rusumo. Gazeti lako, Mhariri, likichapisha makala za "lala bure ughaibuni", tafadhali liweke pembeni yake bei ya dumu la maji.

Waandaaji wa safari za vijana,
Bukoba, Kagera.