Mhariri, hizi glasi nane nani alizihesabu?

Mhariri habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa afya ndo naanza nao hata kabla ya michezo, kwa hiyo msinichukulie vibaya kwa haya ninayoandika. Ile makala yenu ya majuzi iliyosema kila mtu mzima anywe glasi nane za maji kwa siku, alafu chini yake kwenye kiboksi mkaongeza eti ukitaka ngozi laini fika lita tatu, na ukisubiri kiu ujue umeshachelewa, imenikera. Sio kwamba nina ugomvi na maji, maji ni uhai hakuna anayebisha, ila namba moja kwa watu wote ndo siikubali, na wapo watu inawaumiza kweli kweli, ntawafikia.

Kwanza hiyo glasi ina ukubwa gani? Makala haikusema. Kabatini mwa mtu yeyote utakuta glasi inabeba mililita 200 na nyingine ile ndefu inakaribia nusu lita, zidisha mara nane moja inakupa lita 1.6 na nyingine lita nne, sasa hapo tunaongelea kitu kimoja? Wamarekani ambao ndo wenye huu msemo wanapima kwa aunsi nane, karibu mililita 240, jumla inakuja kama lita 1.9. Angalau wao wanajua wanachopima.

Na asili ya hii hesabu wengi wanaofuatilia wanaitafuta mwaka 1945. Bodi ya chakula na lishe ya Marekani ilitoa mapendekezo yake mwaka huo ikasema mtu mzima anahitaji kama lita 2.5 za maji kwa siku, wakipiga hesabu ya mililita moja kwa kila kalori ya chakula. Lakini papo hapo wakaandika kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula kilichopikwa. Watu wakabeba namba, wakaiacha sentensi. Miaka ikapita, mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo wa chuo cha Dartmouth, akakaa akapekua maandishi ya kisayansi kutafuta ushahidi wa hizo glasi nane akachapisha alichokuta kwenye jarida la American Journal of Physiology. Alichokuta ni kwamba hamna. Yaani kwa mtu mzima mwenye afya, anayeishi kwenye hali ya hewa ya wastani na hafanyi kazi ya kutoa jasho jingi, hakuona utafiti wowote unaosema lazima afikishe glasi nane.

Sasa mtu atasema mbona mashirika makubwa yana namba zao. Ndio yanazo, zisomeni vizuri. Taasisi ya tiba ya Marekani mwaka 2004 ilisema lita 3.7 kwa wanaume na 2.7 kwa wanawake. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 ikasema lita 2.5 kwa wanaume na 2 kwa wanawake. Tofauti kwa mwanaume ni zaidi ya lita nzima, na wote ni wataalamu na miili wanayoipima ni ileile ya binadamu. Sababu ni kwamba hizi sio dozi kama za dawa, zile za Marekani kwa mfano zimetokana na kuangalia watu wenye afya wanakunywa na kula maji kiasi gani, wakachukua katikati yake, basi. Na hapo kote wanahesabu maji yote yanayoingia mwilini, ya kunywa, chai, maziwa, supu, matunda, na kile chakula chenyewe ambacho Wamarekani wanakadiria kinaleta kama asilimia 20. Tikiti na tango ni maji zaidi ya asilimia 90, hata wali uliopikwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo ukimwambia mtu anywe lita tatu za maji matupu juu ya vyote hivyo umeshamtoa kwenye namba ya wataalamu unayodai kumpa.

Kahawa na chai nayo mmeandika haihesabiki kwa sababu "inakausha". Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Birmingham waliwachukua wanaume 50 waliozoea kahawa, wakanywa kahawa ya kiasi kwa siku kadhaa, na siku zingine maji, wakapima damu na mkojo, tofauti ya maana hawakuiona. Basi chai yangu ya asubuhi inahesabika, asante.

Turudi kwenye kiu, maana hapo ndo mmeniacha hoi. Mwili hausubiri wewe ukauke ndo ukuambie. Damu ikikolea chumvi kidogo tu, hata asilimia moja au mbili, kuna sehemu ya ubongo inanusa hiyo mabadiliko, inatoa homoni inayoziambia figo zibanie maji, na mkojo unakuwa mchache na wa njano iliyoiva, na karibu na hapo kiu inakuja. Hiyo ni mapema sana, sio umechelewa. Mtu mzima asiye na ugonjwa akila vizuri na akanywa akisikia kiu na wakati wa chakula, akaangalia na mkojo wake usiwe wa rangi iliyokolea kutwa nzima, huyo yuko sawa bila kuhesabu chochote. (Mkiandika habari ya rangi ya mkojo semeni pia kwamba vidonge vya vitamini B vinaufanya uwe njano kali hata kama umekunywa mto mzima, watu wanaogopa bure.)

Ila kiu ina watu inaowaangusha na hao ndo mlipaswa kuwataja kwa herufi kubwa. Wazee, kiu yao inafifia na umri, mtu wa miaka 80 anaweza kukaukiwa na asikuombe hata tone, huyo ndo wa kumpelekea kikombe bila kumuuliza. Mtoto mdogo asiyejua kusema. Mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto, anaweza kutoka jasho lita nzima kwa saa na zaidi, glasi nane kwake ni za kabla ya mchana. Anayeharisha au kutapika, na huyu maji matupu hayatoshi, anahitaji ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwa sababu chumvi nazo zimetoka. Mjamzito Ulaya wanamwongezea kama mililita 300 na anayenyonyesha kama 700. Mwenye historia ya mawe kwenye figo anaambiwa anywe mpaka mkojo wenyewe ufike lita 2.5 kwa siku, sio alichokunywa, mkojo. Mgonjwa wa selimundu naye asikaukiwe kabisa. Mnaona sasa, namba inahama kila ukigusa mtu mwingine, kuipachika moja kwa wote ni kama kugawia mtaa mzima viatu saizi 42. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti waliopima maji yanayoingia na kutoka mwilini kwa watu zaidi ya 5,600 kutoka nchi 23, kuanzia kichanga wa siku nane mpaka mzee wa miaka 96, na walichoonyesha ndo hichohicho, umri, ukubwa wa mwili, joto, unyevu wa hewa, kazi unayofanya, vyote vinabadilisha kiasi na tofauti ni kubwa mno.

Alafu kuna upande ambao kwenye makala yenu haupo kabisa, wa kunywa kupita kiasi. Kazini kwetu kuna dada ana ile chupa ya lita mbili yenye mistari ya saa, saa tatu mstari wa kwanza, saa tano umeandikwa "endelea", saa kumi umeandikwa "karibu umalize", na simu yake ina apu inayolia kama tone la maji. Akibanwa na vikao mchana kutwa ikifika jioni chupa imebaki zaidi ya nusu, anasimama pale mlangoni na begi begani anaishusha yote kwa mkupuo mmoja ili mstari uishe, anafuta mdomo, anasema "nimemaliza" kama kashinda mechi. Yeye ni mzima na kwa kiasi kile figo zake zitayatoa, shida yake itakuwa foleni na choo. Lakini figo zina mwendo wake, za mtu mzima mwenye afya zinatoa mpaka karibu lita moja kwa saa, ukizidisha hapo kwa saa kadhaa maji yanabaki kwenye damu, sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, inashuka, maji yanaingia kwenye seli na ubongo unavimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, degedege, na watu wamekufa. Kwenye mbio za Boston Marathon za mwaka 2002 watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 baada ya kumaliza na asilimia 13 walikutwa sodiamu imeshuka, na alama kubwa iliyowatofautisha na wenzao ni kuongezeka uzito njiani. Umekimbia kilomita 42 unamaliza mzito kuliko ulivyoanza, maana yake ulikuwa unakunywa kwa kuogopa kukaukiwa na sio kwa kiu.

Na sasa wale niliosema ntawafikia. Shangazi yangu ana shida ya moyo, moyo hausukumi vizuri, daktari wake alimwandikia asizidishe lita moja na nusu kwa siku vitu vyote vya majimaji pamoja na supu na chai. Kwenye grupu la familia mtu akatupia makala ya aina ya hii yenu, namba ikiwa imekolezwa wino, na kila mtu kwa mapenzi mema akawa anampigia, shangazi umekunywa maji, shangazi maji yanasafisha mwili, shangazi usisikilize uvivu. Na yeye mtu mzima asiyependa kubishana na watoto wake akanywa. Miguu ikaanza kujaa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, viatu havivaliki, usiku akawa halali mpaka aegemee mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi haiji. Akalazwa, wakamtoa maji kwa dawa. Daktari alipouliza nani alimwambia anywe hivyo, tukaangaliana.

Wa hivyo ni wengi, wenye moyo uliochoka, wenye figo zilizofeli wanaosafishwa damu, baadhi ya wenye ini lililoharibika. Na mwingine ambaye hana hata ugonjwa ni kichanga. Chini ya miezi sita Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, maziwa yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 88, na figo zake bado changa, maji ya ziada yanamshushia sodiamu haraka kuliko mtu mzima, bado sijataja uchafu wa maji yenyewe na kwamba tumbo likijaa maji ananyonya kidogo. Mama kasoma "kila mtu" gazetini, joto limepanda, anamhurumia mtoto, unadhani atafanya nini?

Kuhusu ngozi sina maneno mengi, ushahidi kwamba maji ya ziada yanamng'arisha mtu ambaye hajakaukiwa ni mdogo sana, na kile kiboksi chenu kilinukia tangazo kuliko habari.

Ombi langu mhariri ni dogo. Mkirudia hii mada, na najua mtairudia joto likianza, lile neno "kila mtu" litoeni, na wale wa moyo, figo na vichanga wawekwe juu kabisa kabla ya namba yoyote, sio mwishoni kwa maandishi madogo ambayo mkikosa nafasi mnayakata. Na mkipata daktari wa figo mwenye muda mpeni hata nusu ukurasa aeleze mgonjwa anayesafishwa damu afanyeje na kiu wakati maji aliyoruhusiwa ni kidogo. Sisi tuliambiwa kwa shangazi tuanze na chumvi, tuipunguze kwenye chakula chake maana ndo inayomchokoza kiu, na kweli imesaidia, ila wenye wagonjwa wao hilo swali wanaulizana kila siku na gazetini sijawahi kuona limejibiwa.

Ni mimi msomaji wenu.